Kiti Chekundu cha Pepo

Wewe uliyevaa shati jekundu hapo mbele, nani amekupa ruhusa ya kuvaa rangi ya pepo?

Usinitolee macho. Nakuuliza kwa sababu iko siku swali kama hilo liliulizwa kweli, tena na mtu mzima mwenye ndevu, na watu wazima wenzake wakatikisa vichwa badala ya kucheka. Kaeni vizuri. Na wewe, acha kung'oa ukindu wa mkeka. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba, majirani na vikao visivyokwisha, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mawemengi. Mwenyekiti wake alikuwa Nyati: pembe pana, sauti nzito, mawazo machache. Kule chini bwawani aliishi Bi Kiboko, mkulima wa matikiti. Na juu, kwenye nyufa za mwamba, aliishi Bi Pimbi na mama yake mzazi.

Pimbi mnamjua? Kamnyama kadogo, kanene kidogo, mkia hakana. Mwili wake ungeingia kwenye kapu la sokoni. Mdomo wake usingeingia.

Mama yake kijiji kizima kilimwita Bibi. Alikuwa mpishi wa arusi zote, matanga yote na vikao vyote vya Mawemengi, miaka na miaka, akipuliza moto, fuu, fuu, fuu, mpaka macho yake yakawa mekundu na machozi hayakauki. Masikio nayo yalikuwa yameanza kuchoka. Lakini uji wake, jamani!

Sasa, siku moja akarudi Nyani.

Alikuwa amekwenda ng'ambo ya mto miezi miwili. Aliondoka mwizi wa mahindi, akarudi Mtaalamu. Alivaa kanzu ndefu inayofagia vumbi, mshipi mwekundu kiunoni, na miwani isiyo na vioo. Mkononi ana chetezo cha kufukizia ubani.

"Mimi sasa," akatangaza barazani, "ni Mtaalamu wa Rangi na Maana Zake."

"Aaaah!" wakasema wanyama, ambao hawakuwa wameelewa chochote.

"Nyekundu!" akabweka Nyani, kidole juu. "Nyekundu ni damu! Nyekundu ni moto! Ni mapenzi, ni vita, ni ufalme, ni hatari! Nyekundu ni baraka, nyekundu ni laana!"

"Eeeeh!"

"Samahani, Mtaalamu," ikasikika sauti ndogo kutoka nyuma. Ni Bi Pimbi. "Ni baraka au ni laana?"

"Vyote viwili."

"Kwa wakati mmoja?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea na aliyesoma!" Nyani akasukuma miwani yake juu, kidole kikapita katikati na kumgusa jicho. "Ai! Kwa ufupi ni hivi. Nyekundu ni rangi ya pepo. Kitu chochote chekundu ni mali yao, nasi tumekuwa tukiwaibia. Mnadhani mvua imechelewa kwa nini?"

Wanyama wakatazama mbinguni. Kweli mvua ilikuwa imechelewa. Ilichelewa na mwaka juzi, Nyani akiwa bado anaiba mahindi, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka.

"Basi kila chekundu kipelekwe kwenye kibanda cha pepo nitakachojenga," akasema Nyani. "Wataalamu tu ndio tunaoruhusiwa kukigusa."

"Wanaokubali waseme ndiyo," akasema Mwenyekiti Nyati.

"Ndiyo!"

"Imepita."

Wanaokataa hakuwauliza.

Basi ikawa shughuli. Jioni Nyani alifundisha barazani darasa la kuwatambua pepo na kuwauliza. Nyanya zikapelekwa kibandani. Ndizi nyekundu zikapelekwa. Pilipili zilizoiva zikapelekwa, vikapu na vikapu. Nyani akafika mpaka kwa Bi Kiboko, akagonga tikiti: ko, ko, ko.

"Hili ni la kijani, Mtaalamu," akasema Bi Kiboko.

"Na ndani?"

"Ndani... jekundu."

"Unafiki huo! Kijani mbele ya watu, nyekundu kwa siri. Yote, kibandani!"

Bi Kiboko akayabeba yote, huku akiomba radhi kwa niaba ya matikiti.

Bi Pimbi yeye alipeleka nyanya zake mara moja, mara ya pili akaenda kuchungulia. Kibandani nyanya hakuna. Ndizi hakuna. Matikiti hakuna hata ganda. Lakini pilipili! Lundo lile lile, limefika mpaka dirishani, halijapungua hata moja.

Siku ile kisimani akamwambia Bi Kiboko, "Shoga, hawa pepo wetu wa damu na moto na vita..."

"Ee?"

"Hawali pilipili."

Bi Kiboko akacheka mpaka maji ya kisima yakamwagika. Kisha akashika mdomo wake kwa hofu. Kisha akaenda kumsimulia jirani, naye jirani akamsimulia jirani, na kabla ndoo hazijafika nyumbani maneno yalikuwa yameshamfikia Nyani.

Nyani hakucheka.

Asubuhi yake, hodi! Mlangoni kwa Bi Pimbi wamesimama Nyani na Mwenyekiti Nyati.

"Karibuni mkae."

"Hatukai," akasema Nyani. "Tumekuja kuhusu mama yako. Macho yake ni ya rangi gani?"

Bi Pimbi akasimama katikati ya mlango.

"Ni ya moshi."

"Moshi si rangi. Nimekuuliza rangi."

"Mtaalamu, mama amepika miaka—"

"Mekundu!" akabweka Nyani. "Macho mekundu ni macho ya pepo. Wamemwekea alama, nawe umemficha humu ndani. Keshokutwa, jua la utosini, aletwe kibandani. Kutoka pale atapelekwa pango la ng'ambo ya mto, aachwe huko na pepo wenyewe."

Pango lile kila mtu alilijua. Halina maji, halina majani. Waliopelekwa kule hawakuwahi kuja kusimulia.

"Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi. "Na wewe umekubali?"

Nyati akatazama kwato zake. "Imepita," akasema.

Kutoka jikoni Bibi akaita, "Nani hao? Wageni? Waambie uji karibu!"

Sasa hapo Bi Pimbi alitaka kuuma. Alikuwa na meno mawili ya mbele makali kama patasi, na mguu wa Nyani ulikuwa karibu. Lakini ukimuuma Mtaalamu anakuwa Mtaalamu aliyeumwa, na watu watamwonea huruma. Akameza mate.

"Mtaalamu umesema kweli," akasema kwa upole. "Cha pepo ni cha pepo. Nitamleta."

Nyani akapigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Keshokutwa ilipofika, kijiji kizima kikajaa kibandani. Kilikuwa kibanda kipana cha makuti, na mlango mmoja tu, mwembamba. Nyani ameketi juu ya kigoda, kanzu imemwagika mpaka chini, mshipi mwekundu unang'aa. Bi Pimbi akaingia akimwongoza mama yake kwa mkono.

"Tunakwenda arusi ya nani?" akauliza Bibi.

"Ya Nyani, mama."

"Alaa! Kapata?"

Nyani akainuka kumpokea. Bi Pimbi akakanyaga pindo la kanzu. Nyani akavuta hatua.

Chraaaaa!

Kanzu ikapasuka kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni, nyuma. Na nyuma kule, watoto wangu, mnajua nyani amejaliwa nini. Pakang'aa. Pakawaka. Pembe kwa pembe, nyekundu tupu!

Wapo walioanza kucheka. Lakini Bi Pimbi akajitupa chini, akalala kifudifudi.

"Yarabi! Wenzangu, mnaona ninachokiona?"

"Tunaona," akasema Bi Kiboko, "ila ni aibu kutaja."

"Aibu gani? Hiyo ni rangi ya pepo! Mama yangu ana vijicho viwili tu, tena vinafumba. Mtaalamu amepewa shamba zima! Hakupaka, hakununua, amezaliwa nayo. Huyu si mtaalamu tu, huyu ni kiti!"

Watoto, kiti hicho si hiki cha kukalia. Mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo humkalia, akasema kwa kinywa chake, akataja jina lake na anachokitaka. Kuitwa kiti cha pepo mkubwa ni heshima. Na heshima Nyani hakuwahi kuikataa.

Alikuwa ameshika kanzu kwa nyuma ili ajisitiri. Aliposikia hivyo akaiachia, taratibu.

"Ndiyo," akasema, kifua mbele. "Nilikuwa naficha kwa unyenyekevu. Nisingependa mjisikie vibaya kwa kukosa."

"Hongera!" akasema Bi Pimbi.

"Asante." Nyani akageuka ili akae.

"Haaa!" Bi Pimbi akapiga ukelele. "Unakaa juu ya nini?"

"Juu ya kigoda."

"Hapana! Kati yako na kigoda kuna nini? Si cha pepo hicho? Utakikalia?"

"Usikikalie!" akanguruma Bi Kiboko. "Mvua imechelewa na wewe unawakalia pepo!"

"Ndiyo maana!" wakapiga kelele wengine. "Miaka yote hii amewakalia! Mshikeni!"

Wakamshika huku na huku, kigoda kikaondolewa. Nyani akabaki amesimama, tabasamu limeanza kumganda.

"Sasa wazee," akasema Bi Pimbi, "tusimpeleke mama pangoni kwa kubahatisha. Pepo yupo, kiti kipo. Tumuulize mwenyewe kama anamtaka kikongwe huyu, au anakitaka kiti chake. Mtaalamu si alitufundisha namna ya kuuliza?"

"Alitufundisha!" akasema Bi Kiboko, ambaye hakuwa amekosa darasa hata moja. "Apigiwe ngoma, afukizwe, aulizwe jina. Na akikana asiaminiwe, kwa sababu pepo akibanwa husema uongo. Afukizwe tena."

"Nilisema hivyo?" akauliza Nyani.

"Mara nne! Niliandika."

Ngoma ikaanza. Tindi! tindi! ti-tindi! Chetezo kikajazwa makaa.

"Ubani uko wapi?"

"Umekwisha," akasema Nyani haraka. "Basi tena, tuahirishe—"

"Si lazima ubani," akasema Bi Pimbi. "Tuchome kitu cha rangi yao."

Wote wakageuka, wakalitazama lile lundo la pilipili lililofika mpaka dirishani.

"Pilipili hapana!"

"Kwa nini, Mtaalamu? Si nyekundu?"

Bi Kiboko akazoa kwa mikono miwili, akamwaga juu ya makaa. Chwaaaa! Kisha akakiingiza chetezo chini ya Nyani, pale hasa penye rangi.

"Mtaalamu kaa vizuri," akasema. "Samahani. Simama vizuri."

"Uwiiii!" Nyani akaruka. "Chyaa! Chyaa! Kho! Kho! Yalaa, mama yangu!"

"Pepo amepanda!" wakashangilia. Tindi! tindi!

"Jina lako nani, ewe pepo?" akauliza Bi Pimbi.

"Mimi Nyani!"

"Sikilizeni ujanja wake, amejificha ndani ya jina la kiti! Ongeza."

Chwaaaa!

"Hakuna pepo!" Nyani analia, anacheza bila kupenda. "Hakuna! Nyanya nilikula mimi! Ndizi nilikula mimi! Huko ng'ambo nilikokwenda nilikuwa naosha masufuria ya mganga, sikusoma kitu, hata kanzu hii niliianua kwenye kamba yake!"

Mngedhani hapo mambo yameisha, sivyo? Mtu amekiri, tena kwa machozi. Lakini hamuwajui watu wa Mawemengi.

"Pepo anakana kuwa yeye ni pepo," akasema Bi Kiboko, akitikisa kichwa kwa mshangao mkubwa. "Hawa ndio wale wakubwa."

"Bi Kiboko, matikiti yako nilikula mimi!"

"Pepo ananijua kwa jina!" Bi Kiboko akabubujikwa na machozi ya furaha, akazoa pilipili nyingine.

Wanajua kuamini, wale. Ukweli uliwapita masikioni kama nzi, wakaupunga kwa mkono.

Moshi sasa ulikuwa umejaa kibanda kizima. Watu wanakohoa, wanapiga chafya, mlango mwembamba, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka asionekane amewakimbia pepo. Bibi peke yake alikuwa ametulia kwenye kona, anajipepea kwa ukaya wake wa kichwani.

"Hao wapishi hawajui kupanga kuni," akasema.

"Matikiti sikuyala peke yangu!" akapiga yowe Nyani. "Nusu yalikwenda kwa Nyati! Yeye ndiye aliyesema tumpeleke bikizee pangoni, binti yake atanyamaza!"

Ngoma ikasita. Tindi... ti.

"Mwongo!" akanguruma Mwenyekiti Nyati. "Pepo mwongo huyu! Ongeza pilipili!"

"Tuongeze, Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi. "Lakini kiti kimeshasema. Sasa si tumsikie na mwenye kiti?"

"Mimi ni mwenyekiti wa kijiji!"

"Kiti ni kiti, Mwenyekiti. Mimi sikusoma, nasikia tu jina." Akamsogelea, akamtazama usoni kwa chini, maana mrefu hakuwa. Akashika shavu. "Mama weee! Macho yako!"

"Yamefanyaje?"

"Mekundu!"

Wanyama wakageuka. Kweli, macho ya Nyati yalikuwa mekundu, machozi yanashuka mpaka puani. Bi Kiboko akasogea na chetezo chake, amekishika kwa adabu.

"Mwenyekiti," akasema, "hebu inua mkia."

"We mwanamke, una wazimu?"

"Macho mekundu ni macho ya pepo. Mtaalamu alisema, na wewe ulisema imepita. Inua mkia, tukupe heshima yako, kisha twende pangoni kabla jua halijashuka."

"Hii si rangi ya pepo!" Nyati akarudi nyuma, mgongo ukagota nguzo. "Ni moshi!"

"Ni nini?" akauliza Bi Pimbi.

"Moshi! Moshi tu! Hata wewe yako mekundu, hata Kiboko, tazameni wote! Jicho likikaa kwenye moshi linakuwa jekundu, jambo dogo, kila mtu anajua—"

Akauma ulimi. Lakini alikuwa amechelewa.

Bi Kiboko akamtazama jirani yake: macho mekundu. Jirani akamtazama wa pembeni: mekundu. Kijiji kizima cha Mawemengi, wakubwa kwa wadogo, macho mekundu tupu. Halafu, mmoja mmoja, wakageuka kwenye kona alikokaa Bibi.

Bi Kiboko akakishusha chetezo chini, akaenda kusimama mlangoni.

"Kila mtu anajua nini, Mwenyekiti?" akauliza Bi Pimbi. Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Nyati akatazama mlango. Mlangoni amesimama Bi Kiboko, na Bi Kiboko akisimama mlangoni, mlango haupo.

Shikeni funzo lenyewe, maana mwisho wangu hauna maneno mengi: anayekuambia kila rangi ina maana gani, mtazame kwanza anakula nini.

"Nilijua," akasema Nyati.

"Sema kwa nguvu. Mama hasikii vizuri."

Nyati akainamisha pembe zake pana mpaka zikagusa udongo.

"Nilijua ni moshi!" akasema. "Matikiti tuligawana, nusu yake na nusu yangu. Nikakubali Bibi akafie pangoni ili binti yake afunge mdomo. Na nilijua ni moshi, tangu zamani nilijua. Kuni mbichi zilizomtia moshi huo machoni, nilipokuwa ndama, nilikuwa nampelekea mimi."